Mwezi Nilioandika Kingo za Bwawa

Mwaka niliopunguzwa kazini nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi pekee niliyoijua ilikuwa kuchora ramani. Ofisi yetu pale Moshi mjini ilikuwa na wachoraji sita. Barua zilipotoka walibaki wawili, nami sikuwa mmoja wao. Nilifunga kalamu zangu za wino katika kitambaa, nikapanda Machame kwa mama, nikaanza tena kukata majani ya ng'ombe kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa darasa la tano. Wenzangu walichangamka haraka. Mmoja alifungua kibanda cha mitumba, mwingine akawa anavuka mpaka wa Holili kila wiki kuleta sabuni na mafuta ya kupikia. Mimi nilikaa miezi minne kwenye kahawa ya mama, kahawa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuing'oa mti mmoja mmoja ili apande migomba.

Ndipo ulipokuja ujumbe kutoka kwa mhandisi mmoja wa maji ambaye nilimchorea mifereji yake kwa miaka mingi. Alikuwa amehamia kwenye mradi mmoja uliokuwa unashughulikia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na alitaka mtu wa kulizunguka bwawa lote kwa miguu na kuandika aina ya ukingo wake, kipande kwa kipande.

“Wanaume wawili wamekataa,” aliniambia nilipofika ofisini kwake. “Mmoja anaogopa joto, mwingine anaogopa mamba. Wewe unaogopa nini?”

“Kukaa nyumbani,” nikamjibu.

Alicheka, akanisogezea fomu. Ilikuwa na herufi tano tu. M ilikuwa mwamba, C changarawe na mchanga, T tope, N nyasi na matete, J kitu kilichojengwa. Kila hatua mia moja nilitakiwa kuandika herufi moja, na pembeni kuchora mstari wa maji kwenye nakala ya ramani.

“J ndiyo tunayoitaka kuliko zote,” alisema. “Ukiacha tuta la bwawa lenyewe, chochote ambacho watu wamekijenga kwenye maji tunataka kukijua. Vitu hivyo vitaondolewa. Mradi unataka ukingo ubaki wa asili.”

Sikuona neno baya katika maneno hayo. Miaka yote nilikuwa nimeliona bwawa lile kutoka kihambani kwetu, shamba la nyumbani pale mlimani, siku ambazo hakuna ukungu, kama kipande cha bati kilichosahauliwa chini kule nyikani. Sikuwahi kufikiri kwamba bati lile lina watu pembeni.

Nilishuka na gari la wachuuzi wa samaki lililokuwa linarudi tupu. Tulipita mashamba ya miwa, kijani kikaisha ghafla, tukaingia kwenye vumbi na miiba. Dereva alinishusha kwenye kijiji kimoja upande wa magharibi wa bwawa, mbele ya nyumba ya udongo yenye vichanja vya samaki uani. Mama mmoja alikuwa akigeuza perege juu ya moshi kwa mikono mitupu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye yule mtu wa serikali?”

“Mimi si wa serikali tena. Nimetumwa kuandika ukingo.”

“Kuandika ukingo!” Alinyoosha mgongo, akavitazama viatu vyangu vya ofisini. “Haya, ingia ule kwanza. Ukingo hauendi popote.”

Yule ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu kwa mwezi mmoja na nusu. Alikuwa amezaliwa kando ya Ziwa Nyasa, akaja huku na mumewe mvuvi bwawa likiwa jipya, akazaa watoto wanne, akamzika mume, na watoto wakatawanyika. Alibaki na mbuzi watatu, tanuri la kukaushia samaki, na sauti iliyosikika hadi kwenye mitumbwi.

Nilianza na kilicho rahisi. Mtumbwi ulinipeleka kusini, kwenye tuta la bwawa, nami nikatembea juu yake kutoka mwisho hadi mwisho nikiandika J, J, J. Upande wa maji lilikuwa limevikwa mawe makubwa yaliyopangwa kwa mteremko, na mawimbi yalipanda juu yake, yakajipasua, yakarudi yamechoka. Upande wa pili mto ulitoka chini ukaenda zake. Siku ile nilifikiri kazi yote itakuwa hivyo, na jioni nilimwambia mwenyeji wangu kwamba nitamaliza kabla ya wiki tatu.

“Umepita kwenye mawe,” alisema. “Subiri upite kwenye maji yenyewe.”

Upande wa mashariki ulikuwa wa mwamba na changarawe, chini ya vilima vinavyotazama Upare. Pale nilitembea vizuri. Maji yalikuwa yamepungua baada ya kiangazi kirefu, na juu ya miamba kulikuwa na mistari myeupe, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukionyesha mahali maji yalipowahi kufika. Niliichora yote kwa sababu ilinipendeza, ingawa fomu haikuiuliza.

Kaskazini mambo yakabadilika. Huko mito inaingia, na inaleta udongo wa mashamba yote ya juu, hata wa kwetu. Ardhi ilionekana kavu, imepasuka vipande kama ugali uliolala. Nilikanyaga, nikakanyaga tena, na hatua ya tatu mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Nilipojaribu kuuvuta, wa kushoto ukazama hadi pajani.

Mwenyeji wangu alikuwa amekuja nami siku ile kutafuta kuni za visiki, maana kule kuna miti iliyokufa bwawa lilipojaa mara ya kwanza, nayo bado imesimama kwenye tope. Alisikia nikipiga kelele. Hakukimbia. Alikuja mpaka pale ardhi ilipoanza kulegea, akasimama.

“Acha kupiga mateke!” akaniambia. “Lala.”

“Nilale?”

“Lala kifudifudi kama uko kitandani. Tupa daftari lako huku kwanza.”

Nilitupa daftari, nikalala. Tope lilinijaa kifuani na lilikuwa la moto juu na la baridi chini. Yeye alikata matete, akayatandaza kama mkeka, akalala naye juu yake, akanishika viganja. Tulivutana taratibu. Miguu ilitoka, viatu vikabaki. Tulipofika pagumu alijiangalia jinsi alivyokuwa, akaniangalia mimi, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

“Sasa andika herufi yako,” alisema.

Niliandika T. Herufi ilitoka imeinama kama mti uliopigwa na upepo.

Tangu siku ile hakuniacha niende peke yangu. Aliwaachia majirani samaki zake, akafunga kanga kiunoni, akashika ncha moja ya kamba ya kupimia. Na tangu siku ile kazi yangu ikawa ngumu zaidi, kwa sababu hakuna kipande nilichokiandika ambacho hakukibishia.

“Hapa umeandika mchanga?”

“Ndiyo, mama. Tazama, mchanga.”

“Leo. Mvua za mlimani zikishuka, hapa utapita kwa mtumbwi. Mwezi wa nane patakuwa na majani, ng'ombe wa Wamasai watakula hapo uliposimama. Sasa utaandika herufi gani?”

Ramani nilizofundishwa kuchora zilikuwa na mstari mmoja wa maji, wino wa bluu, umekwisha. Nilianza kuandika maneno yake nyuma ya fomu, mwanzoni kwa ajili ya kumridhisha, baadaye kwa sababu niliona kwamba bila maneno yale fomu inadanganya.

Katika wiki ya nne upimaji ulifika kijijini kwake penyewe. Mbele ya kijiji kulikuwa na ghuba ndogo yenye matete mazito, na nyuma ya matete, kuzunguka nyumba tano na matanuri, kulikuwa na ukuta wa mawe. Nilikuwa nimeupita kila asubuhi nikienda kunawa uso, lakini sikuwahi kuutazama kwa macho ya kazi. Ulifika kiunoni. Haukuwa na saruji. Mawe makubwa yalikuwa chini, madogo yamebanwa katikati, nao ulikuwa umelalia nyuma kidogo, sawasawa na jinsi tuta la bwawa lilivyolala.

“Nani alijenga hapa?”

“Mume wangu alianza. Aliwahi kuwa kibarua wa ukarabati kwenye tuta lile kule, akaona wanavyopanga mawe. Alijenga mpaka pale kwenye jiwe jekundu, akafa. Kutoka pale kuja huku ni mimi.”

Mawe yake mama aliyabeba kichwani kutoka kilimani, jiwe moja kila siku alipokwenda kutafuta kuni. Tulipima hatua tisini na tatu. Majirani waliofuata baadaye walijenga nyumba zao nyuma ya ukuta wake, na upande wa kusini, ambako ukuta haukufika, kulikuwa na jikoni mbili na vichanja juu ya ukingo wa mchanga mtupu.

Nilipoishika penseli aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hapa utaandika nini?”

Nilikuwa nimemweleza maana ya herufi zote tano. Sikuwa nimemweleza kuhusu J na kuondolewa. Niliona aibu iliyonipanda hadi masikioni.

“Mama, kuna jambo sijakuambia,” nikasema, nikamwambia lote.

Alikaa juu ya ukuta. Alianza kubanua magamba ya samaki yaliyogandia kwenye kanga yake.

“Kwa hiyo umekula kwangu mwezi mzima ukijua hivyo.”

“Nilijua neno. Sikujua ni wewe.”

“Ungeweza kuandika N,” alisema. “Matete yapo mbele. Mtu akitazama kutoka majini haoni ukuta.”

“Ningeweza.”

“Utaandika?”

Nilimwambia sijui. Ni kweli sikujua. Niliacha ule mstari wazi, tukaenda kula.

Huko mlimani mvua zilikuwa zimeanza. Kwetu bwawani hapakunyesha tone, lakini maji yalianza kupanda, kidogo kila asubuhi, mekundu na yenye vijiti na maganda ya ndizi. Mwenyeji wangu alisimama ufukweni akitazama matete yakitikisika ingawa hakuna upepo.

“Yameachia chini,” alisema. “Mizizi haishiki tena.”

Siku ya tatu ya kupanda kwa maji, asubuhi, mbuzi wake watatu waliingia ndani ya matete kula majani mabichi kama walivyozoea. Upepo wa kutoka mlimani ulikuwa unavuma. Nilikuwa nimekaa mlangoni nasahihisha ramani nilipoona kitu ambacho kwanza nilifikiri ni macho yangu: ukingo ulikuwa unaondoka. Matete yote ya ghuba, mapana kama uwanja wa mpira, yalikuwa yamejitenga na nchi kavu, yakienda polepole majini yakiwa yamesimama wima, na mbuzi watatu katikati wakiendelea kutafuna.

“Mbuzi wangu!” alipiga ukelele ambao naamini ulifika Sanya Juu.

Mitumbwi miwili iliingia majini. Mimi na yeye tulipanda mmoja na mvuvi mmoja jirani, nami nikapewa kasia ingawa sikuwahi kulishika. Tuliyakuta matete mbali na nchi. Mvuvi aliufunga mtumbwi kwenye shina nene, na mwenyeji wangu akashuka, akatambaa juu ya kile kisiwa kwa tumbo kama alivyofanya siku ya tope. Mbuzi wawili walimjia wenyewe. Wa tatu alikataa, akarudi nyuma, na kila alipokanyaga maji yalibubujika kwato zikizama.

“Muite wewe,” aliniambia, “anakujua, unampa maganda.”

Nilimwita. Nilisimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, mtu mwenye cheti cha uchoraji ramani, nikilia kama mbuzi katikati ya Nyumba ya Mungu. Alikuja. Wavuvi wa mtumbwi wa pili walicheka hadi mmoja akadondosha pondo, mti wake wa kusukumia mtumbwi.

Tulirudi na mbuzi wote. Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini mchana upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini-mashariki, ukipita urefu wote wa bwawa bila kizuizi, nayo matete yaliyokuwa yakivunja mawimbi mbele yetu hayakuwapo. Ghuba ilikuwa wazi. Mawimbi yalikuja mekundu, yakipiga moja kwa moja.

Upande wa mchanga ulianza kulika. Sikuwahi kuona ardhi ikiliwa. Wimbi lilipiga chini, juu pakabaki pamening'inia, halafu pakaanguka kipande kizima na majani yake. Jikoni ya kwanza ilitumbukia saa tisa alasiri. Ya pili tuliwahi kutoa vyombo na kuku, kisha ikaegemea, ikaenda. Hakuna aliyeumia. Watu walisimama nyuma ya nyumba wameshika vichwa.

Ukuta wa mwenyeji wangu ulipigwa vivyo hivyo. Maji yalipanda kwenye mteremko wa mawe, yakajipasua, yakarudi. Katika sehemu mbili mawe ya juu yalidondoka. Alikwenda palepale, akiwa ameloa mpaka kichwani, akayarudisha na kuyabana kwa mawe madogo, nami nikawa nampa. Jioni upepo ulipolala, nyumba tano zilikuwa zimesimama na matanuri yalikuwa makavu.

Tukiwa tunakausha nguo jikoni, nilimwambia, “Nitaandika J.”

Mkono wake ulisimama hewani na kanga.

“Nitaandika J,” nikarudia, “kisha nitaandika kila kitu nilichokiona leo. Nikiandika N watakuja siku moja wautazame, wataona ni uongo, na hapo hakuna atakayesikiliza neno letu lingine lolote.”

Alifikiri. “Na wakiubomoa?”

“Nitakuwa nimekukosea, mama.”

“Haya,” alisema, akaianika kanga kwenye kamba. “Andika vizuri basi.”

Niliandika usiku na asubuhi iliyofuata, kurasa nane. Nilichora ghuba mara mbili, kabla ya matete kuondoka na baada yake. Nilichora ukuta umekatwa ubavuni, nikaonyesha jinsi mawe yalivyolala, na kando yake nikachora tuta la bwawa ili mtu aone kwamba ni mwalimu na mwanafunzi. Nilichora sehemu ya mchanga na hatua kumi na moja zilizoliwa mchana mmoja. Kisha nilituma ujumbe mjini nikimwomba mhandisi aje kabla sijamaliza mzunguko.

Alikuja siku ya nne na gari la ofisi, kofia kichwani. Alisoma kurasa zangu amekaa kwenye gogo, mwenyeji wangu akamletea perege na ugali, akala huku anasoma.

“Fomu haina nafasi ya maneno haya yote,” alisema.

“Ndiyo maana nimeongeza karatasi.”

“Na hapa unaniambia ukingo wa asili umeondoka na mbuzi?”

“Umeondoka na mbuzi, bwana mhandisi. Mbuzi tumewarudisha. Ukingo umekwama upande wa pili, unaweza kwenda kuuona.”

Hakucheka. Aliinuka, akatembea juu ya ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akapiga mawe kwa kisigino. Kwenye jiwe jekundu alisimama.

“Kuanzia hapa ufundi umebadilika.”

“Kuanzia hapo ni mimi,” alisema mwenyeji wangu.

“Huu wa kwako ni mzuri zaidi,” mhandisi alisema. “Mume wako hakubana mawe vya kutosha.”

“Alikuwa na haraka,” alijibu yule mama, na nikaona uso wake ukifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa wiki zote zile, ukalegea kabisa, akageuka kutazama maji.

Mhandisi hakuahidi chochote. Alisema ataandika maoni yake, na kwamba yeye si wa mwisho. Nilimaliza vipande vilivyobaki, nikamuaga mwenyeji wangu, akanifungia samaki wakavu wa kumpelekea mama, ambao walinukisha kihamba chote kwa wiki nzima.

Amri ya kuondoa majengo ya ukingoni ilitoka mwaka uliofuata. Vibanda vingi viliondolewa, na gati la mbao ambalo nililiandikia J bila kufikiri mara mbili nalo liliondolewa, jambo ambalo hadi leo linanisumbua kidogo, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza mtu yeyote ni la nani. Ukuta wa yule mama uliachwa. Kwenye orodha uliandikwa “kinga,” neno ambalo halikuwamo kwenye herufi zangu tano. Mhandisi alinipa kazi nyingine ya miezi sita, na baada ya hapo nilifungua chumba kidogo mjini, nachora ramani za nyumba za watu waliokuwa wameanza kujenga.

Nilirudi kumtembelea mara mbili. Mara ya mwisho mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili, na maji yalikuwa yamekwenda mbali, huwezi hata kuyasikia. Mbele ya ukuta, kwenye lile tope lililobaki, alikuwa amepanda nyanya, mistari iliyonyooka kuliko yangu yoyote. Alikuwa ameinama anazifungia vijiti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba mwanangu. Vua viatu uje huku,” alisema bila kuinuka. “Pagumu. Nimepakanyaga mwenyewe.”

Nilivua viatu nikamfuata.